Simfonia ya Tano ya Shostakovich: udhibiti usipewe sifa

Walimu wa kwaya tunaofahamiana hapa Mbeya wana hoja isiyokwisha: kwamba mkono wa serikali humkomaza mtunzi. Mfano wao mkubwa ni Dmitri Shostakovich, mtunzi wa Urusi ya Kisovieti. Januari 1936 Stalin, mtawala wa nchi hiyo, alikwenda kuitazama opera yake (mchezo wa kuimbwa) mjini Moscow, akaondoka kabla haijaisha. Siku mbili baadaye gazeti la Chama cha Kikomunisti, Pravda, likaiponda, na enzi zile kupondwa na Pravda kuliweza kumfikisha mtu gerezani au kaburini. Novemba 1937, Leningrad, ikapigwa Simfonia yake ya Tano, muziki mrefu wa okestra wenye sehemu nne. Kwenye sehemu ya tatu, ile ya taratibu, watu walilia ukumbini. Ilipokwisha wakashangilia zaidi ya nusu saa. Chama nacho kikaridhika.

Hoja hiyo si ya kupuuza. Simfonia ya Tano imeshikana, haina kilichozidi, na pengine bila hofu ile isingetoka hivyo. Tena muziki usio na maneno una pa kujificha. Rapa wetu Nay wa Mitego alipoimba “Wapo” mwaka 2017, Baraza la Sanaa la Taifa (Basata) waliufungia wimbo kwa sababu ya mashairi yake, kisha ukaruhusiwa kwa kauli ya Rais. Kwenye simfonia mkaguzi hana ubeti wa kukata.

Sikiliza inavyomalizika. Tuko D meja, tarumbeta na ngoma zinatangaza ushindi, huku fidla zikirudia noti moja ya juu, A. Kwa sol-fa ni “so, so, so, so”, bila kupumzika. Ni shangwe, au ni mtu aliyeamriwa kushangilia? Kondakta Leonard Bernstein aliipeleka mbio, ikawa furaha tupu. Kondakta mwingine, Mstislav Rostropovich, aliyekuwa rafiki wa mtunzi, aliivuta, na kila “so” ikatua kwa uzito. Mimi nasikia amri, ingawa anayesikia ushindi simbishii.

Ninachokataa ni kuushukuru udhibiti. Kabla ya ile ya Tano kulikuwa na ya Nne, ndefu na ya kishindo, iliyozimikia polepole kwenye sauti nyembamba ya selesta, kinanda kidogo kinacholia kama kengele. Iliondolewa Desemba 1936 mazoezi yakiwa yameshaanza, ikaja kusikika Desemba 1961. Miaka 25! Wenzangu wanaihesabu ya Tano kama faida. Basi na hii waihesabu. Waongeze na opera: alikuwa hajatimiza miaka 30 Pravda ilipomshambulia, akaishi hadi 1975, na opera nyingine kubwa hakuikamilisha tena.