Tone la kisigino na siku kumi na nne za mwanzo

Mtoto halii usiku. Analala, anaamshwa anyonye, ananyonya kidogo, anasinzia tena. Majirani wanaokuja kumpa mama hongera wanamwambia amejaliwa mtoto mpole. Wiki ya pili inapita macho yakiwa bado na unjano, bibi anashauri aanikwe jua la asubuhi. Choo kinachelewa, kitovu kimetokeza, kilio kikitoka kinatoka kizito. Mara nyingi kweli hakuna la kutisha hapo. Ila kwa mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000, upole huo unatokana na tezi ya thairoidi, ile iliyokaa shingoni mfano wa kipepeo, ambayo haikuumbika vizuri au imeshindwa kufanya kazi.

Tezi hiyo hutengeneza homoni ya thairoksini, na ubongo unaitegemea kupita kiasi katika miaka miwili mitatu ya kwanza. Tumboni mtoto alikuwa akipata kiasi fulani cha homoni ya mama yake, ndiyo maana huzaliwa akionekana mzima kabisa. Hata katika nchi tajiri zenye madaktari wa kutosha, kabla ya upimaji kuanza, takriban mtoto mmoja tu kati ya kumi aligundulika katika mwezi wa kwanza. Waliobaki waligundulika walipochelewa kukaa, kutembea na kusema. Na hapa ndipo penye uchungu: tiba ni kidonge kidogo cha levothairoksini, dawa ya zamani iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kinachosagwa na kuchanganywa na maziwa ya mama kwenye kijiko kila siku. Mtoto akianza kabla ya kutimiza wiki mbili, kwa kawaida atasoma na kucheza sawa na wenzake. Akianza mwaka wa pili, kimo kinaweza kukimbilia na kufika. Akili iliyopotea hairudi.

Mwaka 1974 daktari Jean Dussault wa Québec, Kanada, alianza kuwapima watoto wachanga kwa matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa kwenye kadi ya karatasi, njia aliyokuwa ameibuni Mmarekani Robert Guthrie kwa ugonjwa mwingine. Nusu karne imepita. Misri ilianza mpango wake mwaka 2000. Tanzania na Kenya bado hazina mpango wa kitaifa wa kumpima kila mtoto mchanga homoni hii. Je, tuanze sasa, au tuna ya kufanya kwanza?

Wanaosema tuanze wana hesabu nyepesi. Kwa kila watoto milioni moja wanaozaliwa, kati ya 250 na 500 watakuwa na tatizo hili. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, kwa hiyo tunazungumzia watoto 500 hadi 1,000, kila mwaka, wanaoweza kuokolewa wasiwe walemavu wa akili. Na usitegemee macho ya muuguzi. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, mtoto mfupi hamshtui mtu. Ataandikiwa uji wa lishe, atapimwa uzito, atarudishwa nyumbani.

Kuna hoja yao nyingine ambayo naiona nzito zaidi, ingawa haitajwi sana. Tone lile lile hueleza pia hali ya madini joto katika eneo zima. Kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, kinajulikana kwa watafiti wa tezi duniani kote. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji walikuta zaidi ya nusu ya watu wa kaskazini mwa kisiwa wana rovu shingoni, huku kusini magharibi likiwa kwa takriban mmoja kati ya 20, ilhali madini joto yalikuwa haba pande zote mbili. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kidole kwenye muhogo, ambao usipoandaliwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kuchukua madini joto. Watoto waliozaliwa na akina mama wa maeneo kama hayo ndio waliobeba gharama kubwa kuliko wote. Leo tunayo chumvi yenye madini joto, lakini si kila chumvi inayouzwa sokoni inayo ya kutosha. Shirika la Afya Duniani lina kigezo chake: watoto wachanga wenye TSH iliyopita miliuniti 5 kwa lita wakiwa chini ya asilimia 3, eneo lina madini joto ya kutosha. TSH ni homoni ambayo ubongo huitumia kuisukuma tezi. Tezi ikizembea, TSH hupanda. Kwa hiyo kadi za damu za watoto zingetuonyesha wilaya ambayo chumvi yake inatudanganya.

Upande wa pili nao hauna watu wakatili. Wapo madaktari wa watoto waliozoea kuona vichanga vikifa kwa kuzaliwa njiti, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa maambukizi ya damu. Shilingi ikiwa moja, wanauliza, itanunua kadi au oksijeni? Wanakumbusha pia kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: makadirio yanayotumika sana ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, mara kumi au zaidi ya wale wa tezi. Tena wanaonya tusinakili orodha ya Ulaya nzima nzima. Fenilketonuria, ugonjwa uliomsukuma Guthrie kubuni kadi yake, ni nadra sana miongoni mwa Waafrika weusi.

Lakini hoja yao kali kabisa ni ya saa na siku. Mara tu baada ya kuzaliwa, TSH ya mtoto yeyote mzima hupanda juu sana, kisha hushuka taratibu. Ndiyo maana kisigino huchomwa vizuri baada ya saa 48 hadi 72. Akina mama wetu wengi wakati huo wameshatoka wodini, wengine siku ile ile, kwa sababu kitanda kina wazazi wawili na nyumbani kuna watoto wengine. Watetezi hujibu kwamba kadi za damu kavu tunazo tayari, ndizo zinazotumika kupima VVU kwa watoto wachanga, na njia za kuzisafirisha hadi maabara zimeshazoeleka. Ni kweli. Ila kipimo kile kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa na wiki sita. Kwa tezi, wiki sita ni kuchelewa. Anayesema njia ipo tayari hajaangalia kalenda.

Mimi nakubaliana na wanaotaka tuanze, na nakubali pia kwamba wapinzani wao wameshika jambo ambalo tafiti zetu nyingi zinalipita haraka. Kwenye utafiti mdogo wa hospitali moja, matone hukusanywa, wenye TSH ya juu huhesabiwa, makala huandikwa. Mama aliyetoa namba ya simu ya shemeji yake, au ya simu iliyouzwa mwezi uliofuata, hapatikani. Watu wa Pwani na bara wamekua na hadithi za mumiani. Mama ambaye mwanawe ametolewa damu na asiambiwe kitu tena, tumempa sababu ya kuziamini.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye hospitali za rufaa, na ningepanda gari moja na selimundu, ambayo hupimwa kwa tone hilo hilo. Kuhusu saa, Malaysia hutumia damu ya kitovu inayochukuliwa palepale mtoto anapozaliwa, kabla TSH haijapanda. Haikamilishi kila kitu, kwani wenye majibu ya shaka hulazimika kurudiwa kipimo, lakini haimtegemei mama arudi siku ya tatu. Madaktari wa kuwatibu watakaogundulika nao wameanza kupatikana: tangu 2008 Nairobi ina kituo cha kufundisha madaktari wa watoto wa nchi mbalimbali za Afrika magonjwa ya homoni, kilichoanzishwa kwa msaada wa chama cha wataalamu wa fani hiyo cha Ulaya.

Ugonjwa wa kuzaliwa nao wa tezi nyingine, adrenali, iliyo juu ya figo, unaoua wavulana kwa kutapika na kuishiwa chumvi huku ukidhaniwa ni maambukizi, ungesubiri kidogo. Kipimo chake huwapa njiti wengi majibu ya uongo, na fludrokotisoni, mojawapo ya dawa zake, ni shida kuipata. Kumwambia mzazi mwanao ana ugonjwa ambao dawa yake haipo mjini ni ukatili.

Na wanaofadhili tafiti hizi wangebadilisha safu moja tu katika fomu zao za taarifa. Badala ya idadi ya kadi zilizokusanywa, waombe umri wa kila mtoto aliyegundulika, kwa siku, alipomeza kidonge chake cha kwanza.