Chukueni ya Katikati

Nyumbani kwetu kuna mifumo endeshi mitatu, yaani zile programu kuu zinazoendesha kompyuta, na kila mmoja una wakili wake. Windows inatetewa na mke wangu, kwa sababu printa ya kazi zake haijawahi kuelewana na kitu kingine. Kijana wetu humuunga mkono mama yake kwa bidii ambayo hatuioni kwenye kuosha vyombo: baadhi ya magemu yake ya mtandaoni yana kinga ya udanganyifu ambayo ikinusa Linux inakataa kabisa kufunguka. Linux naitetea mimi. FreeBSD inatetewa na shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kutusalimia na hajaondoka.

Kesi ilifunguliwa Windows 10 ilipokaribia ukomo wake wa huduma, 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya sebuleni haikuwa na TPM 2.0, kile kifaa cha ndani cha usalama, kwa hiyo Windows 11 ilikuwa haiitaki. Tukaitisha kikao.

Nilianza mimi. Nikawaambia kwamba tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 kwenye ile orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Zote, si nusu. Mke wangu akauliza ni ngapi kati ya hizo zinachapisha risiti. Nikakaa.

Shemeji akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Alieleza kwamba FreeBSD inatengenezwa yote chini ya paa moja, kiini chake na zana zake, siyo kuokotwa huku na kule. Akaingia kwenye ZFS, ule mfumo wa faili uliomo ndani ya FreeBSD tangu toleo la 7.0 la mwaka 2008, unaoweka alama ya kuhakiki kwa kila kipande cha data ili diski ikianza kuharibu picha zenu, ujue mapema. Kijana akauliza kama inacheza magemu. Shemeji akamtazama kwa huzuni, akasema hiyo si kazi ya mfumo endeshi.

Hukumu ilitolewa na mke wangu. Kompyuta ya sebuleni igawanywe: Windows upande mmoja kwa printa na magemu, Linux upande wa pili kwa mengine yote, na ibaki imewashwa upande wa Linux muda wote ambao hakuna anayechapisha wala kucheza. Ile laptopu kuukuu iwe seva ya picha na nyaraka za familia, na iendeshwe na FreeBSD ya shemeji. Na ruta izimwe kila siku saa nne usiku, kwa sababu kuna mtu ana mitihani.

Hukumu ile bado naiona nzuri. Mashine ya nyumbani inachaguliwa na printa na watoto, upende usipende, na seva inachaguliwa na yule atakayeamka usiku kuitengeneza. Kwetu huyo ni shemeji, maana hata mchana hana mahali pa kwenda.

Basi, akaja Mjomba. Alilala kwetu akiwa njiani, na basi lake lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akasema ataweka kengele kwenye simu yake. Nikamwambia, "Mjomba, simu huzima chaji. Acha nikuwekee kwenye kompyuta."

"Ina saa ya uhakika?"

Shemeji alikohoa, mimi nikamuwahi. Nikamweleza Mjomba habari za NTP, itifaki ya David Mills ya mwaka 1985, jinsi kompyuta ya sebuleni inavyoulizia saa kwenye seva za mtandaoni, na jinsi seva zile nazo zinavyofuata saa za atomiki. Mjomba alisikiliza hadi mwisho.

"Na basi nalo," akauliza, "linafuata hizohizo?"

Nikaweka kengele upande wa Linux, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikaongeza sauti ya spika hadi mwisho. Mke wangu akataka kuweka na yake kwenye simu. Nikamwambia hakuna haja. Tukalala.

Kengele ilipolia, nyumba nzima iliruka. Mjomba alikwenda moja kwa moja bafuni, akaoga maji ya baridi, akatoka amevaa koti na ameshika begi. Alikuwa mlangoni mke wangu alipotokea na simu mkononi.

"Mbona simu inasema saa nane na nusu?"

"Ya usiku?"

"Ungependa iwe ya mchana?"

Nilikwenda kwenye kompyuta. Linux ilisema 5:30. Nikamwambia mke wangu, kwa upole, kwamba ruta ikizimwa simu huweza kuchanganyikiwa. Akaniambia, si kwa upole, kwamba simu yake inapata saa kutoka kwenye mnara na haina shida na ruta yangu. Shemeji akaamka naye, akainua mkono: "Kabla hamjagombana, tuulize seva." Akafunua laptopu yake kuukuu, akaandika amri ya kuonyesha saa.

23:30. Saa tano na nusu usiku. Ya jana.

Sasa hebu jiweke kwenye nafasi ya Mjomba. Ameoga. Ameshika begi. Mbele yake kuna kompyuta inayosema ni alfajiri, simu inayosema ni usiku wa manane, na seva inayosema siku yake ya safari haijaanza. Kijana wetu, ambaye kwa kawaida haamki hata ukimmwagia maji, alikuwa amesimama nyuma ya pazia akiwa macho kabisa, jambo ambalo nililiona lakini sikulipa uzito.

Shemeji akasema seva haikosei. Mimi nikasema Linux haikosei. Mke wangu hakusema kitu, alinyoosha kidole dirishani kwenye giza. Nikamjibu kwamba hata saa kumi na moja na nusu huwa kuna giza, na hilo lilikuwa jibu langu zuri kuliko yote usiku ule.

Mjomba akaweka begi chini.

"Chukueni ya katikati," akasema.

"Mjomba, saa haitafutwi hivyo—"

"Mmoja anavutia mbele, mmoja anavutia nyuma. Ya katikati ndiyo ya ukweli. Nakwenda kulala."

Akaenda kulala na koti lake. Na alikuwa sahihi hadi dakika ya mwisho: ilikuwa saa nane na nusu. Tukamfuata mmoja mmoja vitandani, tumeridhika. Kengele ilikuwa ya mara moja tu, na ilikuwa imeshalia. Tulipoamka, basi lilikuwa limeshaondoka, tena kitambo.

Shemeji ndiye aliyetusomea uchunguzi asubuhi ile, akiwa amesimama tena. Kompyuta kama hizi zetu, alisema, zina kisaa kidogo kinachotembea kwa betri ya kitufe hata ukizizima. Ni urithi wa IBM PC AT ya mwaka 1984. Kisaa hicho kinashika namba tu: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Hakina mahali pa kuandika kwamba saa hizo ni za wapi. Windows, kwa mazoea yaliyotoka enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, inaamini namba zile ni saa ya ukutani. Linux kwa kawaida inaamini ni UTC, ile saa ya dunia, kisha inaongeza tofauti ya mahali ulipo, ambayo kwetu ni saa tatu. Kila mmoja peke yake yuko sawa. Wakae nyumba moja, mmoja anaandika saa mbili na mwenzake anasoma saa tano.

"Lakini Linux ingeuliza mtandaoni ikajirekebisha," nikasema.

"Ingeuliza," shemeji akakubali, "kama ruta ingekuwa imewashwa."

Tukageuka wote kumtazama kijana. Alikuwa amecheza upande wa Windows hadi mama yake alipozima ruta. Windows, ikiwa bado mtandaoni, ilijiweka sawa na kuandika saa ya ukutani kwenye kile kisaa. Kisha yeye, kwa utiifu, akairudisha kompyuta upande wa Linux kama hukumu inavyotaka, ili kengele ya babu yake isipotee. Hatukuweza hata kumgombeza vizuri. Kosa lote lilitokana na adabu.

"Na seva yako je?" mke wangu akamuuliza kaka yake. "Nayo ilisema saa tano na nusu."

Shemeji akajibu kwamba seva yake ilikuwa imesema kweli tupu. Ameiweka kwenye UTC kwa makusudi, kwa kuwa seva haipaswi kujua iko kwa nani. Tena zana ya FreeBSD ya kuchagua majira ya mahali ulipo huuliza yenyewe kama kisaa cha kompyuta kiko kwenye UTC. Mfumo wenye malezi huuliza. Mke wangu akamwambia kwamba mgeni mwenye malezi naye huaga.

Safari ya Mjomba ikasogezwa hadi kesho yake, basi lilelile, saa ileile. Dawa ya tatizo inajulikana, na ziko mbili. Unatakiwa kutumia moja. Ama unaiambia Linux ikisome kisaa kama saa ya ukutani, ama unaiambia Windows ikisome kama UTC. Mchana ule nilikaa kwenye Linux nikaandika `timedatectl set-local-rtc 1`, ile dawa ya kwanza. Linux ilinionya kwamba hali hiyo haiwezi kuhudumiwa kikamilifu. Maonyo ya kompyuta nimeyazoea, nikaenda kumtangazia Mjomba kwamba yamekwisha, na kwamba safari hii kengele ni ya uhakika.

Jioni, kijana aliyeonewa huruma na kila mtu aliamua naye kutengeneza mambo. Alitafuta, akasoma, akaingia kwenye rejista ya Windows, daftari lake la mipangilio, akaweka kipengele kinachoitwa RealTimeIsUniversal na kukipa thamani ya 1. Akawasha upya, akabonyeza kitufe cha kusawazisha saa na mtandao, akaona dakika zimekaa sawasawa. Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Hakumwambia mtu, alitaka iwe zawadi. Akacheza hadi saa nne, ruta ikazimwa, akarudi Linux, akalala na moyo mweupe.

Kwa hiyo sasa Windows, iliyozoea saa ya ukutani, ilikuwa imeandika UTC. Na Linux, iliyozoea UTC, ilisoma ikidhani ni saa ya ukutani. Walikuwa wamebadilishana dini usiku mmoja bila kuambizana.

Mke wangu safari hii alikuwa ameweka na simu, kimyakimya. Ililia saa kumi na moja na nusu. Akaamka, akaenda sebuleni gizani kuhakikisha. Kompyuta: 2:30. Akakumbuka aibu ya jana, akasita, akafunua na seva ya kaka yake. 02:30. Kompyuta mbili, mifumo miwili isiyopatana kwa lolote, zimekubaliana. Simu iko peke yake. Akaizima simu na kurudi kulala, na mimi sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba hesabu yake ilikuwa na mantiki kuliko zote zilizofanyika nyumbani kwetu wiki ile.

Tuliamshwa na jua. Nilimkuta Mjomba sebuleni, amevaa koti, begi magotini, mwanga wa dirishani umemjaa usoni. Alikuwa akiitazama kompyuta.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hii inasema saa kumi alfajiri."

Nikafunga pazia. Sijui kwa nini.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Kijana alikiri zawadi yake, mimi nikataja amri yangu, na wote wawili tukanyanyuka kwa pamoja kwenda kufuta kila mtu ya kwake. Mke wangu akapiga kelele tukae chini. Alielewa haraka kuliko sisi: tungefuta zote mbili, tungerudi tulipoanzia. Akaamua ya kijana ibaki, yangu iondoke, na shemeji asimamie huku mikono yake ikiwa mfukoni. Nikaandika `timedatectl set-local-rtc 0` mbele ya mashahidi. Ukiniuliza, hiyo ndiyo dawa bora kati ya zile mbili, kisaa kubaki kwenye UTC, lakini hakuna aliyeniuliza.

Usiku wa mwisho Mjomba alikataa kitanda. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya laptopu ya shemeji, akamwomba amfundishe ile amri ya kuonyesha saa. Nikamwambia, "Mjomba, ya sebuleni sasa iko sawa kabisa." Akasema hajakataa, lakini ile jana ilikuwa mbele na leo ilikuwa nyuma, na yeye hawezi kusafiri na mtu wa namna hiyo. Hii ya shemeji inakosea, sawa, lakini inakosea saa tatu zilezile kila siku. Unaongeza tatu, unakwenda zako.

Shemeji alianza kumweleza kwamba kitaalamu haikosei. Mjomba akamwonyesha vidole vitatu, akaendelea kuandika.

Basi aliliwahi, akafika stendi kabla hata ya dereva. Akiwa safarini alipiga simu. Nilipokea kwa furaha, nikidhani ananitafuta mimi.

"Nipe shemeji yako," akasema. "Nataka kujua hiyo FreeBSD inakaa kwenye mashine ya kiasi gani."

Shemeji alichukua simu, akasimama.