Usinunue Paneli ya Sola Bila Tepu ya Kupimia

Mdogo wangu alipofungua kinyozi Ruai, mtaa wa Nairobi, tatizo lake la kwanza lilikuwa stima. Ilikuwa ikikatika mteja akiwa amenyolewa nusu ya kichwa. Tukakubaliana tumwekee sola, na mimi ndiye niliyekwenda mjini kununua. Katika duka moja katikati ya jiji nilionyeshwa paneli iliyobandikwa nyuma karatasi ya wati 300. Muuzaji alinigeuzia ile karatasi akasema, "Mkubwa, soma mwenyewe." Nikasoma, nikalipa, nikaibeba kwapani hadi steji na kupanda nayo matatu.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Paneli halisi ya wati 300 hukaribia urefu wa mtu, na uzito wake ni kama kilo 18. Haibebwi kwapani, wala haipandi matatu.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu akanipigia simu. "Kaka, betri haijai. Ikifika saa kumi na moja jioni mashine inazima." Tukailaumu betri. Tukailaumu inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mashine. Mwishowe tukamwita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati hapa Kenya. Hakufungua kifaa chochote. Alipanda juu ya mabati na tepu ya kupimia, akashuka na kusema, "Hii haiwezi kuwa mia tatu. Ukubwa wake unakataa."

Aliyonifundisha siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila anayetaka kununua sola, na ndiyo sababu ya kuandika hapa. Jua kali la mchana hushusha takribani wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Viwanda hutumia kipimo hichohicho vinapoandika nguvu ya paneli, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli nzuri zilizo madukani leo hugeuza kama asilimia 20 hadi 23 ya nguvu hiyo kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba hukupa wati 200 na kidogo. Pima urefu, pima upana, zidisha, kisha zidisha tena kwa 200. Jibu utakalopata litakuwa karibu na ukweli kuliko kibandiko cha uongo.

Paneli yetu ilikuwa na sentimita 100 kwa 67, yaani mita za mraba 0.67. Zidisha kwa 200 upate wati 134, na hiyo ni kama seli zake ni za kisasa. Ili itoe 300 ingelazimika kugeuza karibu asilimia 45 ya jua kuwa umeme. Hakuna paneli ya dukani inayofanya hivyo. Sasa chukua zile kubwa za wati 550 unazoziona juu ya maghala: urefu ni kama mita 2.28 na upana 1.13. Fanya hesabu ileile uone jinsi inavyokubali.

Jambo la pili ni volti, na hapa wengi hupotezwa. Muuzaji hutoa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, anagusisha nyaya, namba inaruka hadi 21 au 22, nawe unaridhika. Lakini volti hupanda hata kukiwa na mawingu, na paneli ndogo huweza kuonyesha volti sawa na kubwa. Kinachotofautisha ni ampea. Omba paneli itolewe nje juani, saa sita mchana, ielekezwe kwenye jua, kisha ipimwe ampea nyaya zake mbili zikiwa zimeunganishwa kupitia mita. Nyuma ya paneli kumeandikwa Isc, yaani ampea inazotoa nyaya zake mbili zikiunganishwa hivyo kwenye jua kali. Namba hiyo ndiyo unayoitafuta. Yetu ilitoa 6.8, sawasawa na paneli ya wati 120. Kwa paneli kubwa tumia mita ya kubana waya, kwa sababu multimita nyingi za kawaida mwisho wake ni ampea 10. Na kipimo hiki kifanye kwenye paneli peke yake. Ukikifanya kwenye betri unaweza kuungua.

Ukienda Julai, Nairobi ikiwa imefunikwa na mawingu, ampea zitakuwa chini hata paneli ikiwa ya kweli. Siku kama hiyo tegemea tepu, au subiri jua.

Muuzaji akikataa kuitoa paneli nje, mimi huondoka. Sijali amenipunguzia bei kiasi gani.

Mengine huchukua dakika chache. Paneli za viwanda vinavyojiheshimu huwa na namba ya utambulisho iliyofungiwa ndani ya kioo, upande wa mbele. Ilinganishe na ile ya nyuma, kisha hakikisha imeandikwa kwenye risiti. Zidisha Vmp kwa Imp, yaani volti na ampea za paneli inapotoa nguvu yake ya juu kabisa, zilizoandikwa nyuma, jibu liwe sawa na wati zilizotajwa. Angalia kama kuna mapovu chini ya kioo, na kama kile kisanduku cha nyaya kimezibwa vizuri maji yasiingie. Ukiambiwa ina waranti ya miaka 25, uliza ni nani hapa Nairobi atakayekubadilishia ikiharibika, na akuandikie.

Utasikia pia paneli ikisifiwa kuwa ni "tia wani" (Tier 1, yaani daraja la kwanza). Orodha inayojulikana zaidi kwa jina hilo hutolewa na BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, na huangalia kama benki ziko tayari kukopesha miradi inayotumia bidhaa za kiwanda fulani. Haijapima ubora wa paneli uliyoishika mkononi.

Kinachoniuma si pesa zetu tu. Mtaani Ruai tayari watu walikuwa wakimwambia mdogo wangu, "Si tulikwambia sola ni uongo?" Wengi wao walinunua kama sisi, betri ikakataa kujaa, wakarudi kwenye jenereta na mishumaa huku wakiamini jua ndilo lililowaangusha. Jua letu halina kasoro, tuko karibu kabisa na ikweta. Wameuziwa karatasi.

Tuliongeza paneli nyingine mbili, safari hii tukiwa na tepu na fundi, na mashine sasa zinanyoa hadi saa tatu usiku. Ile ya kwanza bado iko juu ya mabati, inatoa kile inachoweza. Mdogo wangu alikwangua kibandiko akaandika nyuma yake kwa rangi nyeupe: 120. Anasema siku akiiuza, atakayenunua ajue anachobeba.