Baba Krismasi Hajui Bei ya Viatu

Dada yangu hasemi nami tangu tarehe 26. Kosa langu ni kumwambia mwanawe ukweli. Kwenye grupu la ukoo kesi imeshaamuliwa bila mshitakiwa kusikilizwa: eti nimemwibia mtoto utoto wake. Ngoja nijitetee hapa, kule nimechoka kujibiwa kwa vikatuni.

Shule ya mpwa wangu, moja ya hizi za basi la njano, iliwaandikisha watoto barua kwa Baba Krismasi kabla ya kufunga. Mpwa wangu yuko darasa la pili. Akaomba baiskeli. Mama yake anakaanga chapati tangu saa kumi alfajiri, na ada ya Januari inamkodolea macho. Akanunua viatu vya shule, akavifunga kwenye karatasi ya kumetameta, juu yake akaandika kwamba vimetoka kwa Baba Krismasi. Mtoto wa jirani, nyumba ya geti jeusi, akapata baiskeli. Tena ina kengele, na kengele ililia mtaani kutwa nzima.

Kesho yake mtoto akanifuata barazani, anachechemea. Nikadhani ni michezo ya sikukuu.

"Mjomba, eti Baba Krismasi anawapa watoto wazuri?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mbona yule anatupiga shuleni na kapewa baiskeli? Mimi nilifanya nini?"

Haya, ninyi watetezi wa utoto, mjibuni. Mimi nilishindwa. Maana hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Umemwambia kuna mzee anayeona kila kitu, ana daftari la wema na wabaya, na zawadi zinafuata daftari. Kisha umempa kidogo na mwenzake kingi. Ulitaka ajumlishe vipi? Mtoto akijua baiskeli ya jirani imenunuliwa na baba wa jirani, anajifunza kwamba dunia ina wenye nacho na wasio nacho. Linauma, lakini halimhusu yeye na tabia yake. Ukimletea Baba Krismasi katikati, umaskini wa mama unageuka kuwa dhambi ya mtoto. Naye hana pa kukata rufaa, kwa sababu hakimu anakaa kwenye barafu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mzee huyu hakuanza hivyo. Askofu Nikolao wa Mira, karne ya 4, huko ambako leo ni Uturuki, anakumbukwa kwa kisa cha baba fukara aliyekuwa na mabinti watatu wasioweza kuolewa kwa kukosa mahari (kule mahari ilitoka upande wa binti, msinibishie). Nikolao akawatupia dhahabu usiku, kwa siri. Yaani alianza kwa kwenda kwenye nyumba isiyo na kitu. Sasa tumemvika joho la manyoya, tumembandika ndevu za pamba, tumemkalisha kwenye duka la kiyoyozi anapiga picha za kulipia, na usiku wa mkesha anapita mlango wa dada yangu kwenda kwenye geti jeusi.

Na shukrani je? Krismasi ya utotoni kwetu mtoaji alikuwa na jina. Gauni jipya la dada lilitoka kwa mama, naye mama alituonyesha alivyopunguziwa bei, mara tatu, ili tusisahau. Kuku tulimjua tangu akiwa kifaranga. Idi ikifika, wenzetu wa nyumba ya pili walizunguka kwa wakubwa wao kupokea mkono wa Idi, na kila sarafu ilikuwa na uso wa aliyeitoa. Mama amekaa na moshi miezi kumi na miwili, halafu Desemba "asante" inakwenda kwa bwana mnene ambaye hajawahi kusukuma chapati hata moja! Dada yangu anasema alifanya hivyo kwa upendo. Najua. Ndiyo maana nina hasira.

Mnasema nachukia watoto waote ndoto. Mimi? Mimi niliyerusha jino juu ya bati nikalala naamini litarudi jipya? Bibi alitudanganya kila usiku, sungura akamlaghai fisi, zimwi likameza kijiji kizima na mbuzi wake. Lakini kabla hajaanza alibisha hodi: "Hadithi, hadithi!" Nasi tukaitika wenyewe, kwa sauti zetu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Uongo tuliualika sisi. Tuliufungulia mlango, tukaukalisha, asubuhi tukausindikiza. Baba Krismasi hapigi hodi. Mwaka 1897 msichana wa miaka minane kule New York aliliandikia gazeti, akaomba aambiwe ukweli kama mzee huyo yupo. Akajibiwa kwamba yupo, kwa maneno matamu ambayo hadi leo watu wanayasifu. Mtoto aliomba ukweli, wakampa insha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo nyumba ambako mchezo huu hauumizi mtu, na watoto wakikua wanaucheka. Hizo mara nyingi ndizo zenye geti jeusi. Na wanaotisha watoto kwa mumiani ili walale, nanyi nitawafikia siku nyingine.

Basi pale barazani nilimwambia. Baiskeli ile kanunua baba yake. Viatu vyako kanunua mama yako, kwa hela ya chapati. Wala hukukosa lolote.

Nilitegemea kilio. Alinyamaza, akatazama miguu yake, akaingia jikoni ambako mama yake alikuwa anachambua mchele. Nikamsikia:

"Mama, kumbe viatu ulinunua wewe?"

Kimya. Nadhani hapo ndipo nilipolaaniwa.

"Basi tuvirudishe dukani kesho. Vinanibana tangu jana, nilikuwa sijui nimwambie nani."