Nani kasema hili ni garasa?

Aliyewahi kukaa jamvini akigawiwa karata anayajua maumivu ya kupata magarasa matupu: tatu ya pau, nne ya uru, sita ya shupaza, hakuna hata mzungu mmoja wa kukufuta machozi. Ila siku turufu ikiwa shupaza, ile sita inaikata ree ya kopa, na mwenye ree anabaki kukodoa macho.

Mimi nimekulia kwenye jamvi hilo, Tanga. Ukubwani, nikiwa Columbus, Ohio, mpwa wangu akanivuta kwenye karata za aina nyingine, Magic: The Gathering, mchezo aliouanzisha Richard Garfield mwaka 1993. Huko hakuna jozi moja ya karata 52 inayojulikana na wote. Zimeshachapishwa karata zaidi ya 25,000 za aina tofauti, kila mchezaji anajipangia jozi yake mwenyewe, na watu wanaweza kukesha wakibishana ipi ni garasa la magarasa. Nami nina la kusema, maana naona kila mara kitanzi kinavishwa shingo isiyo na hatia.

Jina linalotajwa kwanza karibu siku zote ni One with Nothing. Ilitoka mwaka 2005 katika toleo la Saviors of Kamigawa. Unalipa mana moja nyeusi (mana ni nguvu ya uchawi ya kulipia karata, nayo hutoka hasa kwenye karata za ardhi), kisha unatupa karata zako zote za mkononi. Basi, hakuna la ziada. Hupati uhai, humuumizi adui, huokoti kitu. Tena ilitoka kwenye toleo ambalo karata zake nyingi zinamzawadia mtu anayeshika karata nyingi mkononi. Mara ya kwanza nilipoisoma nilidhani mstari mmoja umefutika. Mpwa wangu alicheka mpaka akakohoa. "Mjomba, umeisoma sawasawa. Ndiyo hivyo ilivyo."

Mwaka uliofuata, kwenye mashindano makubwa ya Honolulu, ikaibuka jozi iliyopewa jina la Owling Mine. Jozi hiyo ilimshindilia mpinzani karata kwa nguvu. Howling Mine inamwokotesha kila mchezaji karata ya ziada kila zamu, nawe unafurahi kama umepata ofa, kumbe unanoneshwa uchinjwe. Ebony Owl Netsuke, bundi wa kuchonga, inakupiga pigo la 4 ukianza zamu na karata saba au zaidi mkononi. Sudden Impact inakupiga kwa hesabu ya karata ulizoshika. Sasa mbele ya jozi ya namna hiyo, mtu mwenye One with Nothing anafanya nini? Anazimwaga zote chini kwa mana moja, bundi anabaki hana wa kumdonoa. Kuna wachezaji walioiweka kwenye karata zao za akiba kwa kazi hiyo hiyo. Meza yake ni ndogo, lakini ipo. Kwa hiyo mimi naifutia mashtaka.

Wengine wanakimbilia karata dhaifu za kawaida, kama Chimney Imp ya mwaka 2003. Mana tano nzima, unapata kishetani kinachoruka chenye nguvu 1 na ustahimilivu 2. Ni kama kununua baiskeli kwa bei ya pikipiki. Lakini hata baiskeli inakufikisha. Kishetani kinaruka, kinazuia, kikifa kinamrudisha mpinzani nyuma kidogo kwa kumrudishia karata yake moja juu ya fungu. Ni kibovu kwa bei yake tu. Mark Rosewater, mbunifu wa mchezo huu kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2002 akieleza kwa nini karata mbovu haziepukiki: hata ukizifuta zote leo, zilizobaki zitajipanga upya na nyingine itashika mkia. Hapo simpingi, hata ligi ya mpira iko hivyo. Ninachomlaumu nacho mtengenezaji ni kuliweka garasa kwenye nafasi ya karata adimu. Pakiti ya wakati ule ilikuwa na karata kumi na tano, adimu ni moja, umefungua kwa mikono inayotetemeka, unakutana na One with Nothing. Hilo halina falsafa, hiyo ni hela yako imekwenda.

Kinachonitia woga zaidi ni historia ya mahakimu wenyewe. Mwaka 1995, toleo la Ice Age lilikuwa na karata nyeusi, Necropotence. Ukiiweka mezani huokoti tena karata kwa njia ya kawaida. Kila karata unainunua kwa tone la uhai wako. Wakosoaji wa wakati ule waliiona ni kujiua taratibu. Waliokuwa na hesabu waligundua kwamba uhai ishirini ni akiba, na akiba ni ya kutumiwa. Kiangazi cha 1996 mashindano yalijaa jozi nyeusi kiasi kwamba wachezaji mpaka leo wanakiita Kiangazi Cheusi. Jamvini kwetu tungesema garasa limekula turufu.

Halafu kuna Lion's Eye Diamond ya 1996, toleo la Mirage. Hailipiwi chochote. Ukiivunja inakupa mana tatu, lakini sharti utupe kwanza karata zote za mkononi. Mana tatu za kununulia nini, na mkono ni mtupu? Watu waliicheka, wakaisukumiza kwenye masanduku ya karata za kugawa bure. Hila iko kwenye mpangilio wa matukio. Unacheza kwanza karata ya kutafuta karata nyingine, na kabla haijatimia unaivunja almasi. Mkono unamwagika, mana zinabaki zinaelea, kisha ile karata uliyoitafuta inakuja mkononi na hela yake iko tayari. Leo almasi hiyo inauzwa kwa mamia ya dola, na katika Vintage, mashindano yanayokubali karata za tangu enzi za mwanzo, unaruhusiwa kuwa na moja tu kwenye jozi. Najiuliza ni wangapi waliwapa watoto wazichoree.

Baada ya kuyaona hayo, nimejiwekea swali moja tu la kuhukumia: je, kuna meza yoyote ambapo kazi fulani inafanywa vizuri zaidi na karata hii kuliko nyingine?

Sorrow's Path ya 1994 ilikaribia kunyongwa. Ni ardhi isiyotoa mana, na kila ukiilaza, yaani kuigeuza ubavu kuonyesha umeitumia, inakupiga wewe pigo la 2, na kila kiumbe wako naye anapigwa. Malipo yake ni kubadilishana wazuiaji wawili wa adui, jambo ambalo sijawahi kulihitaji hata siku moja. Ikaniponyoka kwa sababu zipo karata za kumkabidhi mpinzani mali yako, kama Donate. Mpe, kisha tafuta njia ya kuilaza ikiwa kwake. Ni zawadi ya kichawi kabisa, anayeipokea hana pa kuirudisha.

Hukumu yangu inamwangukia Wood Elemental, naye wa 1994, toleo la Legends, naye adimu. Unalipa mana nne. Anapoingia unatoa kafara misitu yako, ambayo ni aina ya ardhi, na nguvu na ustahimilivu wake ni idadi ya misitu uliyoitoa. Lakini misitu yenyewe iwe imesimama, haijalazwa, maana yake ile uliyoilaza kumlipia haihesabiki. Ukitaka kiumbe wa nguvu 4 na ustahimilivu 4, unahitaji ardhi nane, na nne kati yake zinakwenda moja kwa moja. Kisha mpinzani anatoa Swords to Plowshares, mana moja nyeupe, kiumbe hayupo, misitu haipo, wewe upo unatazama dari.

Mpwa wangu hakukubali. Jumamosi iliyopita alikuja na Splendid Reclamation, karata inayorudisha mezani ardhi zako zote zilizoko makaburini, yaani kwenye rundo la karata zilizokwisha kutumika.

"Umeona mjomba? Anaitafuna misitu, hii inairudisha yote. Garasa lako limeshapata meza."

Nikamwekea mbele Zuran Orb. Hailipiwi kitu, inakula ardhi yoyote wakati wowote, imesimama au imelala, na kila moja inakuongezea uhai 2. Nikamwuliza kwa nini kazi hiyo nimpe yule wa mana nne.

Akaitazama Zuran Orb, akamtazama Wood Elemental, akamgeuza kuona kama upande wa nyuma kuna kitu. Kisha akakusanya karata akaanza kuchanganya.