Wenye mashamba ya farasi na mkataba wa hiari wa kutunza ardhi

Hoja ya kuwashawishi wenye mashamba ya farasi nchini Uganda wajiunge na mpango wa hiari wa kutunza ardhi hukutana mara moja na swali: farasi wenyewe wako wangapi hata tushughulike nao? Swali hilo lina haki yake. Hii ni nchi ya ng'ombe na mbuzi. Farasi wamo katika mashamba machache, mengine yakihudumia watalii kando ya Mto Nile huko Jinja na karibu na Hifadhi ya Ziwa Mburo, na wamiliki wake huonekana kuwa watu wenye uwezo wasiostahili kubembelezwa. Wapinzani huongeza kwamba sheria ipo: kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 100 kando ya Nile na wa mita 200 kwenye fukwe za maziwa makubwa, basi anayezivunja na ashtakiwe.

Nadhani wanaosema hivyo hawajasimama nyuma ya banda la farasi. Farasi wa kilo 450 hutoa takriban kilo 22 za kinyesi na mkojo kila siku. Shamba la farasi 20 lina kilo 440 kwa siku, yaani zaidi ya tani 160 kwa mwaka, na hapo hatujahesabu maranda ya kulalia. Tena mzigo huo hautawanyiki malishoni kote, kwa sababu ugonjwa hatari wa farasi uitwao African horse sickness huenezwa na visubi, inzi wadogo mno wanaouma zaidi tangu jua linapotua hadi alfajiri, na mfugaji makini huwafungia wanyama wake bandani usiku kucha. Tahadhari inayookoa maisha ya farasi ndiyo inayorundika samadi mahali pamoja. Rundo lililo mita 300 kutoka mtoni halijagusa ukanda uliolindwa, lakini likiwa kwenye mteremko bila sakafu wala paa, mvua za Aprili zitashusha naitrojeni na fosforasi yake hadi majini.

Sheria inayopima umbali haiwezi kumfundisha mtu kujenga shimo la samadi, kuelekeza maji ya paa pembeni, wala kuzungusha malisho ili farasi, ambaye ana meno ya mbele juu na chini na hukata nyasi karibu kabisa na udongo, asiache ardhi tupu. Kazi hizo zinahitaji mtaalamu anayekaribishwa shambani, na mkaguzi mwenye kitabu cha faini hukaribishwa kwa shida. Samadi iliyooza vizuri, isitoshe, ina wateja: migomba na mikahawa ya majirani inaihitaji, katika nchi ambayo mkulima wake hutumia mbolea ya dukani kidogo mno.

Upande wa pili una hoja moja nzito. Mpango wa Marekani wa kutunza ardhi mashambani, ulioanzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 2008, ambao huwalipa wakulima kwa mikataba ya miaka 5, umelaumiwa kwa kuwalipa watu kwa kazi ambayo wangeifanya hata bila malipo. Uganda haina fedha za kurudia kosa hilo, na kwa mwenye shamba la farasi ushauri wa bure pamoja na soko la samadi vingetosha.

Woga wa wafugaji wenyewe ni jambo jingine, na si wa kuchekwa. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi, lakini migogoro ya mailo (ardhi ya umiliki wa kudumu, hasa Buganda) na vibanja (vipande vya ardhi hiyo vinavyokaliwa na wasio wamiliki) imewafundisha wengi kuogopa karatasi yoyote inayoeleza mipaka yao. Kwa hiyo mkataba wa kujiunga na mpango useme waziwazi kwamba taarifa za shamba hazitatumika katika kesi ya umiliki, kwamba mwanachama anaweza kujitoa bila adhabu, na kwamba aliyekodi ardhi hatatia saini kabla mwenye ardhi hajakubali.