Mwaka ambao alama zake hazihesabiwi

Kijana wa Kiswahili hapa Uingereza akitangaza nyumbani kwamba anataka kusomea fasihi ya Kiingereza na uandishi wa kubuni, kikao cha familia huitishwa hapo hapo. Akiongeza kwamba atasoma miaka minne badala ya mitatu, maana ataanza na mwaka wa msingi (foundation year) wa maandalizi kabla ya shahada, hata mjomba aliyeko Muscat atapigiwa simu. Fasihi yenyewe watu wangeweza kuimeza. Mwaka wa ziada ndio unaowakaa kooni: wanauona kama kukariri darasa, tena kwa deni.

Mimi nimesoma fasihi, na nimekaa na vijana wengi wa jumuiya yetu wakijaza fomu za UCAS, za kuomba vyuo vikuu vya hapa. Msimamo wangu ni kwamba kwa mtu anayetaka kuandika, mwaka wa msingi unaweza kuwa na faida kuliko mingine yote mitatu. Ila si kwa kila mtu, na si kwa bei yoyote.

Mwaka huo uko ngazi moja chini ya mwaka wa kwanza wa shahada, sawa na A-level, yaani kidato cha sita cha hapa. Kwa kawaida unausoma chuoni hapo hapo: maktaba ni ile ile, kitambulisho ni kile kile, na mara nyingi wahadhiri ni wale wale. Ukifaulu unaendelea na mwaka wa kwanza bila kuomba upya. Uliwekwa kwa ajili ya watu ambao shule haikuwatendea haki: aliyeingia nchi hii akiwa na miaka 15, Kiingereza cha kubahatisha, akatumbukizwa kwenye mitihani ya GCSE inayofanywa kwenye miaka 16, mama aliyekatisha masomo akalea, kijana aliyechukua fizikia na kemia kwa amri ya baba, akaanguka. Sehemu kubwa ya mwaka huenda kwenye mambo makavu: kusoma shairi mstari kwa mstari, kujenga hoja, kutaja ulikochota maneno ya watu. Darasani mtachanganywa na wanaoelekea historia au uanahabari, kwa hiyo utajikuta unasoma siasa hata kama hukuitaka. Hilo halinisumbui. Mwandishi asiyejua chochote nje ya fasihi huishia kuandika habari za waandishi.

Lakini jambo ambalo vipeperushi vya vyuo hulitaja kwa sauti ya chini ndilo ningelipigia debe. Alama za mwaka wa msingi haziingii kwenye daraja la shahada yako. Unatakiwa kufaulu tu, basi. Kwa anayesomea uhasibu hilo ni nafuu ndogo. Kwa anayejifunza kuandika ni jambo kubwa mno, kwa sababu hakuna anayejua kuandika bila kwanza kuandika vibaya, tena vibaya sana, na mbele ya watu.

Warsha ya uandishi kwa kawaida huwa hivi. Mnakuwa kundi dogo. Siku chache kabla, unawasambazia wenzako kurasa zako. Siku ikifika wanazijadili huku wewe umefunga mdomo. Kujitetea hakuruhusiwi mpaka wamalize. Mmoja anasema hakuelewa kwa nini bibi katika hadithi yako amekasirika ghafla. Wewe unajua: mjukuu ameingia sebuleni na kuketi bila kutoa shikamoo. Tanga nzima ingelielewa hilo. Lakini ukurasani hukuliandika, na sasa una uamuzi wa kufanya. Ulieleze? Uuonyeshe uso wa bibi kwa namna ambayo hata mtu wa Norwich ataihisi ile baridi? Au umwache msomaji huyo apitwe, kwa kuwa hukumwandikia yeye? Hakuna jibu moja sahihi. Kuchagua, na kuweza kusema kwa nini umechagua, ndiyo elimu yenyewe, na haipatikani kwa kukaa peke yako chumbani na simu.

Sasa mpe mwanafunzi huyo alama kwa kila ukurasa, alama itakayomfuata hadi kwenye cheti. Ataandika yaliyo salama. Nimesoma nyingi za hizo hadithi salama za vijana wetu, na zinafanana: bibi mwenye busara, harufu ya karafuu, machozi uwanja wa ndege. Wahadhiri huzipenda. Zinapata alama nzuri, na hapo ndipo penye hatari, maana ukishaona zinalipa unageuka mtembeza watalii katika jiko la mama yako. Mwaka usiohesabiwa unakupa ruhusa ya kuandika juu ya dereva wa basi wa Leicester anayechukia abiria wote kwa usawa, au hadithi ya kuchekesha, au kitu ambacho wewe mwenyewe hujui ni nini bado. Kikiharibika, kimeharibika. Mwezi ujao unaandika kingine.

Nichomekee jambo hapa, maana linaniudhi. Kijana aliyekulia kwenye kaswida na taarabu ana sikio ambalo wenzake hawana. Anajua mshororo wa mizani 16 uliokatwa 8 kwa 8 hata kama hajui kwamba anajua. Akifika kwenye semina anaweza kuambiwa kwamba vina vimepitwa na wakati. Asibishane. Aandike shairi la vina zuri kiasi kwamba chumba kinyamaze, kisha aulize tena.

Wapo wanaosema uandishi haufundishiki, na kwamba kozi zenyewe ni za juzi. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilianzisha warsha yake ya waandishi 1936. Mwandishi Taban lo Liyong alipata shahada ya uzamili huko miaka ya 1960, na 1968 alikuwa Nairobi akisaini, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, ule waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha hapo ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Hapa Uingereza, waandishi Malcolm Bradbury na Angus Wilson walianzisha shahada ya uzamili ya uandishi katika Chuo Kikuu cha East Anglia 1970. Mwandishi wa riwaya Kazuo Ishiguro alihitimu hapo 1980 na kupata Nobeli ya fasihi 2017. Sidai kwamba darasa lilimpa kipaji. Lilimpa muda na wasomaji, na hivyo viwili ni adimu kuliko kipaji.

Ishiguro alikuwa amepata shahada yake ya kwanza Chuo Kikuu cha Kent, Canterbury. Mji huo huo mdogo ndiko alikosoma Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar aliyefika Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi. Alisoma Christ Church, wakati huo kikiwa chuo kidogo ambacho shahada zake zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Akapata udaktari Kent 1982, akafundisha hapo hadi kustaafu, na Nobeli ikamkuta 2021. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, takriban miaka ishirini baada ya kuwasili. Wanaolalamikia mwaka mmoja wa msingi wapige hesabu hiyo. Na mjomba anayeuliza kuhusu kazi, ambaye swali lake ni halali kabisa, naye aitazame: Gurnah hakuishi kwa vitabu, aliishi kwa mshahara wa ualimu. Karibu kila mwandishi unayemsikia ana kazi nyingine. Anayemwahidi mwanao kwamba shahada hii itamlisha kwa riwaya anamdanganya; itamlisha kwa kufundisha, kuhariri, kutafsiri, kuandikia mashirika, au kwa kuendelea na sheria.

Christ Church, ambacho sasa ni chuo kikuu kamili, kilitangaza mwishoni mwa 2024 kwamba kinaifuta shahada yake ya fasihi ya Kiingereza kwa sababu waombaji wamepungua. Chuo alichosoma mshindi wa Nobeli! Sheffield Hallam kilikuwa kimesimamisha ya kwake 2022. Vinavyofunga idara hizi kwa kawaida si vile vya watoto wa matajiri. Ni vyuo vinavyopokea watu kama sisi, wanaoishi nyumbani, wanaofanya kazi za usiku, wanaohitaji huo mwaka wa msingi. Kwa hiyo nikisema mlango upo, nasema upo kwa sasa, na kabla ya kusaini uliza idara ina hali gani.

Nani aache? Wa kwanza ni aliyemaliza kidato cha sita Tanzania, au ngazi ya A nchini Uganda, kwa alama za maana. Vyuo vingi vya hapa vinapokea vyeti hivyo moja kwa moja kwa mwaka wa kwanza. Ukiwa na HKL yako (Historia, Kiswahili na Kiingereza) safi na wakala anakusukumia mwaka wa msingi, anakuuzia kitu ulicho nacho. Wakenya hali yao ni tofauti: mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoondoa kidato cha tano na sita, KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ikabaki chini kidogo ya kiwango ambacho vyuo vingi vya Uingereza vinataka, na ndiyo maana wengi huelekezwa kwenye msingi. Lakini anayetoka nje hulipa ada ya kigeni, isiyo na kikomo, ambayo mara nyingi hupita £15,000 kwa mwaka huo mmoja, bila chakula wala pango. Kwa fasihi? Hapana. Nairobi, Makerere na Dar es Salaam wanaifundisha, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi kwa waliokosa sifa. Njoo huku kwa uzamili, ukiwa na ufadhili na kurasa mkononi.

Kwa mkazi wa England mwenye haki ya ada ya nyumbani, hesabu imebadilika hivi karibuni. Zamani mwaka wa msingi ulitozwa £9,250, sawa na miaka mingine. Kuanzia 2025/26 kozi za msingi za darasani, fasihi ikiwemo, haziruhusiwi kuzidi £5,760, wakati mwaka wa kawaida ulipanda hadi £9,535 mwaka huo huo. Jumla ya miaka minne kwa viwango hivyo ni £34,365, ukiacha mkopo wa kujikimu. Inatisha, lakini tazama namna inavyolipwa: unakatwa 9% ya kile tu kinachozidi £25,000 kwa mwaka. Anayepata £28,000 atakatwa £270 kwa mwaka mzima. Kinachobaki baada ya miaka 40 hufutwa.

Tatizo ni kwamba mkopo huo una riba, na kwa nyumba nyingi za Kiislamu mjadala unakomea hapo. Siwezi kumwambia mtu apuuze dini yake ili asome ushairi. Ninachoweza kusema ni kwamba serikali imekuwa ikiahidi mfumo mbadala usio na riba tangu 2014, sheria ya 2017 ikauwekea njia, na hadi naandika haya hakuna aliyeutumia. Watoto waliokuwa shule ya msingi ahadi ilipotolewa sasa wamefika umri wa chuo. Jumuiya zetu, ambazo zinajua kuchangishana kwa harusi na misiba, zingeweza kulipigia kelele hili zaidi ya tunavyofanya.

Njia nyingine ambayo watu wetu hawaijui vya kutosha ni diploma ya Access, ya kuwaandaa watu wazima kuingia chuo kikuu, inayosomwa katika chuo cha kawaida cha mtaani. Ina ada ndogo zaidi, na mwenye miaka 19 au zaidi anaweza kuikopea. Ukimaliza shahada baadaye, salio la mkopo huo wa Access hufutwa. Pia inakuacha huru kuomba vyuo mbalimbali, wakati mwaka wa msingi kwa kawaida unakufunga na chuo kimoja. Kama lengo lako ni kuvuka tu kuingia shahada ya fasihi, Access ni busara zaidi. Kama unataka kuandika na mwaka wa kukosea mbele ya wasomaji wa kweli, msingi ndio wenye warsha, ilmradi warsha ipo.

Na hapo ndipo pa kuwa mkali siku ya kutembelea chuo, kwa sababu zipo kozi zenye neno uandishi kwenye jina ambazo mwaka wake wa msingi hauna uandishi hata kidogo. Usiulize kuhusu bweni. Uliza mwanafunzi wa msingi anaandika kurasa ngapi za kubuni kwa muhula, na nani anazisoma: mhadhiri wa kudumu au mtu anayelipwa kwa saa ambaye mwaka ujao hayupo. Uliza wangapi walioanza msingi mwaka jana waliendelea na mwaka wa kwanza. Omba orodha ya vitabu uone kama waandishi wa kwenu wameachwa nje kabisa, au wamewekwa wiki moja tu ya mwisho. Wakikujibu kwamba orodha bado inapangwa, chukua kalamu yao ya bure na uende meza ya chuo kingine.